Kufungua na Kudumisha: Historia ya Tovuti ya Gharama Nafuu kwa Mwandishi Anayeanza, Ikitazamwa kutoka Kinanira, Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya gharama ya kuanzisha blogu au tovuti kwa mtu asiye na mtaji, tangu kikoa cha taifa cha Burundi, yaani .bi, kiliposajiliwa mwaka 1996 hadi mwaka 2023. Mtaa wa Kinanira, kusini mwa jiji la Bujumbura, umetumiwa kama mahali pa kutazamia mabadiliko hayo. Hoja kuu ni kwamba gharama ya kufungua tovuti ilishuka hadi sifuri kati ya mwaka 1999 na 2005, ilhali gharama ya kuidumisha haikushuka kwa kiwango hicho. Ilihamia kwenye anwani, malipo kwa fedha za kigeni, data na umeme, pamoja na sheria. Makala yanapendekeza kwamba sera za kukuza Kiswahili mtandaoni zigharimie udumishaji zaidi ya uanzishaji.

1. Utangulizi

Kinanira ni mtaa wa makazi, au karitiye kama wasemavyo Waswahili wa Bujumbura, uliokuwa katika komine ya Muha. Upande wa ziwa unapakana na Kinindo, na upande wa milima unapakana na Musaga. Mtaa huu hauna historia ya Kiswahili kama ya Buyenzi, ambako lugha hiyo imekuwa ya nyumbani na ya sokoni tangu enzi ya ukoloni. Umechaguliwa hapa kwa sababu ya ukawaida wake. Mwalimu, mwanafunzi wa chuo au mfanyabiashara mdogo wa Kinanira anaweza kuwa na simu ya mkononi na jambo la kusema, lakini mara nyingi hana kadi ya benki inayokubaliwa nje ya nchi, wala hana uhakika wa umeme wa jioni.

Mijadala kuhusu Kiswahili katika intaneti huanza na swali la maudhui: kwa nini kurasa za Kiswahili ni chache kuliko wasemaji wake wanavyostahili? Makala haya yanaanza na swali la bei. Tunauliza mwandishi anayeanza alitakiwa kulipa nini, kwa nani, na kwa sarafu gani, katika kila kipindi cha historia fupi ya intaneti ya Afrika Mashariki. Swali hilo linaonekana dogo, lakini jibu lake linaeleza kwa kiasi kikubwa ni sauti zipi zilizobaki na zipi zilizopotea.

2. Anwani katika nchi iliyofungwa: 1996–1999

Kikoa cha taifa ni sehemu ya mwisho ya anwani ya tovuti inayoitambulisha nchi. Kenya ilipata .ke mwaka 1993. Uganda na Tanzania zikafuata mwaka 1995. Kikoa cha .bi kilisajiliwa Oktoba 1996, kikawekwa chini ya Kituo cha Taifa cha Kompyuta mjini Bujumbura.

Tarehe hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Mnamo Julai 1996 Pierre Buyoya alikuwa ametwaa madaraka kwa mapinduzi, na kabla ya mwezi huo kwisha nchi jirani zilikuwa zimeiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Vikwazo hivyo vilisitishwa Januari 1999. Kwa hiyo Burundi ilipata anwani yake katika mtandao wa dunia wakati mipaka yake ya nchi kavu na ya ziwa ilikuwa imefungwa kwa biashara, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea. Anwani ilikuwepo, lakini njia ya kuifikia ilikuwa finyu. Mawasiliano ya nje yalipitia setilaiti, na bei ya setilaiti hulipwa kwa dola.

Katika kipindi hicho mtu binafsi wa Kinanira hakuwa na mahali pa kuanzia. Tovuti ilihitaji seva, fundi wa kuiandika kwa lugha ya kompyuta, na laini ya simu ya ONATEL. Ilikuwa kazi ya wizara, mashirika ya kimataifa na makampuni. Sauti ya raia ilitafuta njia nyingine, nayo ilikuwa redio: Studio Ijambo ilianzishwa mwaka 1995, Redio ya RPA mwaka 2001, na Isanganiro mwaka 2002. Redio ilikuwa nafuu kwa msikilizaji, lakini ilihitaji jengo, mtambo na leseni. Udhaifu huo wa kuwa na jengo utaonekana baadaye.

3. Bei inashuka hadi sifuri: 1999–2008

Mabadiliko makubwa ya bei hayakutokea Afrika Mashariki. Mwaka 1999 kampuni ndogo ya Marekani, Pyra Labs, ilitoa huduma ya Blogger, iliyomwezesha mtu kuchapisha bila kujua lugha ya kompyuta. Google iliinunua mwaka 2003. Mnamo Mei 2003 Matt Mullenweg na Mike Little walitoa WordPress, programu huria ambayo yeyote angeweza kuitumia bila malipo. Mwaka 2005 ikaja huduma ya WordPress.com, ambapo hata seva haikuhitajika. Katika miaka sita, kile kilichohitaji fundi na mashine kikawa fomu ya kujaza katika mkahawa wa intaneti.

Waandishi wa Kiswahili waliitumia nafasi hiyo mapema. Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa akiishi Marekani, aliandika blogu ya Jikomboe kwa Kiswahili wakati ambapo wengi waliamini intaneti ni ya Kiingereza. Mnamo Septemba 2005 mpigapicha Issa Michuzi, akiwa Helsinki kwa mkutano, alifunguliwa blogu kwa msaada wa Macha huyo huyo. Blogu ya Michuzi iliendeshwa kwenye jukwaa la bure la Google, ikaja kuwa miongoni mwa kurasa zilizosomwa zaidi na Watanzania wa ndani na wa ughaibuni.

Visa hivi viwili vinafundisha jambo ambalo takwimu za bei hazisemi. Wote wawili walianza bila gharama ya tovuti, lakini hawakuanza bila rasilimali. Mmoja alikuwa katika nchi yenye intaneti ya kasi. Mwingine alikuwa mpigapicha wa gazeti la serikali, mwenye kamera, ajira na nafasi ya kusafiri. Tena, maarifa yalipita kutoka mtu hadi mtu, katika lugha moja. Kile kinachoitwa mwanzo wa bure kilikuwa kimegharimiwa mahali pengine.

Bujumbura ya miaka hiyo ilikuwa na mikahawa ya intaneti, ila kwa bei ya setilaiti. Mwaka 2008 Antoine Kaburahe alianzisha gazeti la Iwacu, ambalo jina lake kwa Kirundi humaanisha “kwetu”, likachapishwa kwa karatasi na kwa tovuti. Lilikuwa gazeti lenye wahariri na wafadhili. Mtu mmoja mmoja alikuwa bado anasubiri waya.

4. Waya wafika, na sheria pia: 2009–2014

Mkongo wa SEACOM uliwasha huduma katika pwani ya Afrika Mashariki Julai 2009. TEAMS uliufuata mwaka huo huo, na EASSy mwaka 2010. Kwa nchi isiyo na pwani, mkongo wa Mombasa au Dar es Salaam ni nusu ya safari tu. Nusu ya pili hupita katika ardhi ya jirani na hulipwa kwa jirani. Kampuni za simu za Burundi ziliungana kuunda Burundi Backbone System kwa msaada wa Benki ya Dunia, ili kuleta nyuzi za kioo nchini na kuzisambaza mikoani. Katikati ya muongo huo simu ya mkononi ilikwisha kuchukua nafasi ya mkahawa wa intaneti, na vifurushi vya data vikawa ndio lango la wengi.

Wakati huo huo nafasi za kujifunza zilipanuka kwa wasomaji wa Kifaransa. Mwaka 2010 Redio ya Kimataifa ya Ufaransa ilianzisha Mondoblog, jukwaa lililowapa wanablogu wa nchi zinazotumia Kifaransa ukurasa wa bure na mafunzo. Hapo pana tofauti ya kisera inayostahili kukumbukwa: mwanablogu wa Bujumbura aliyeandika kwa Kifaransa alipata mlezi wa kitaasisi, aliyetaka kuandika kwa Kiswahili hakuwa na taasisi ya kikanda iliyompa huduma ya namna hiyo.

Gharama nyingine ilijitokeza mwaka huo. Jean-Claude Kavumbagu, mhariri wa wakala wa habari wa mtandaoni Net Press, alichapisha Julai 2010 makala yaliyotilia shaka uwezo wa vikosi vya usalama vya Burundi kuzuia shambulio la al-Shabaab, siku chache baada ya mabomu ya Kampala. Alikamatwa na kushitakiwa kwa uhaini. Mei 2011 mahakama ilimwondolea shitaka hilo, ikamtia hatiani kwa kosa la kudhuru sifa ya nchi, na akaachiliwa baada ya kukaa gerezani takriban miezi 10. Alikuwa ameshikiliwa katika gereza la Mpimba, lililoko Musaga, jirani kabisa na Kinanira. Ukurasa mmoja ambao kuuchapisha hakukugharimu karibu chochote uligharimu miezi 10 ya maisha ya mtu.

Sheria ya vyombo vya habari ya Juni 2013 iliongeza masharti. Chama cha waandishi wa habari wa Burundi kiliipinga mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha, na tarehe 15 Mei 2015 Mahakama hiyo iliamua kwamba baadhi ya vifungu vyake vilikiuka Mkataba wa Jumuiya. Hukumu hiyo ilitoka wakati ambapo vyombo vyenyewe vilikuwa vimekwisha kuteketea.

5. Mei 2015

Aprili 2015 maandamano dhidi ya muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza yalianza Bujumbura, Musaga ikiwa mojawapo ya vitovu vyake. Mwishoni mwa mwezi huo huduma za WhatsApp, Facebook na nyinginezo zilizuiwa katika simu za mkononi. Tarehe 13 Mei lilitokea jaribio la mapinduzi, na katika saa zilizofuata RPA, Bonesha FM, Isanganiro na Redio-Televisheni Renaissance zilishambuliwa na kunyamazishwa. Rema FM, iliyoiunga mkono serikali, ilishambuliwa pia. Kile kilichokuwa nguvu ya redio, yaani jengo na mtambo, kikawa shabaha.

Kutoka katika majivu hayo ilizaliwa SOS Médias Burundi. Waandishi kutoka redio zilizoharibiwa walianza kutoa habari kupitia Facebook, Twitter na SoundCloud, bila studio, bila tovuti na bila kulipia anwani. Mwaka huo huo lilijitokeza kundi la wanablogu vijana la Yaga, lililochukua jina kutoka kitenzi cha Kirundi chenye maana ya kuzungumza, na kuungwa mkono na shirika la RNW la Uholanzi. Mwaka 2016 shirika hilo lilisaidia pia kuanzisha Habari RDC ng’ambo ya mpaka, kundi la wanablogu wa Kongo lenye jina la Kiswahili lakini linaloandika zaidi kwa Kifaransa.

Mwaka 2015 ndio uliothibitisha thamani ya tovuti ya gharama nafuu: pale ambapo mitambo ya gharama kubwa iliharibiwa kwa siku mbili, njia za bure zilibaki. Lakini ulionyesha pia mpaka wake. Habari zilizowekwa Facebook ziko katika hifadhi ya kampuni ya kigeni, chini ya masharti ambayo mwandishi hakuyatunga na hawezi kuyabadili. Na hata mwenye anwani yake mwenyewe hakuwa salama: kuanzia Oktoba 2017 tovuti ya Iwacu haikuweza kufunguliwa ndani ya Burundi kwa njia ya kawaida, na shirika la Waandishi Wasio na Mipaka liliitengenezea nakala pacha kwingineko.

Inafaa kutazama anwani zenyewe. Iwacu na SOS Médias Burundi hutumia .org, Yaga hutumia.com. Hakuna kati ya tatu hizo iliyo chini ya .bi. Sababu zinaweza kuwa nyingi, kuanzia bei hadi urahisi na usalama, lakini matokeo ni mamoja: sehemu kubwa ya kumbukumbu huru ya Burundi ya kipindi hicho inakaa katika anwani zinazolipiwa nje ya nchi kila mwaka.

6. Gharama zilizohamia

Tuchukulie mwandishi wa Kinanira anayetaka leo anwani yake mwenyewe na nafasi ya kawaida kwenye seva. Anwani ya .com hugharimu kwa kawaida dola 10 hadi 15 kwa mwaka. Nafasi ya bei ya chini kwenye seva, dola 3 hadi 5 kwa mwezi. Jumla ni kati ya dola 46 na 75 kwa mwaka. Benki ya Dunia ilikadiria pato la wastani la Mrundi kwa mwaka 2022 kuwa karibu dola 240. Kwa hiyo tovuti inayoitwa ya bei nafuu inachukua kati ya moja ya tano na karibu theluthi moja ya pato hilo, kabla ya kulipia data wala umeme, katika nchi ambayo takriban mtu mmoja tu kati ya kumi ana umeme.

Ugumu wa pili ni sarafu. Kampuni za kuuza anwani hutaka kadi ya kimataifa. Lumicash na Ecocash, ambazo ndizo pochi za watu wa Bujumbura, kwa kawaida hazikubaliwi huko. Mnamo Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, na bei rasmi ya dola moja ikapanda kutoka takriban faranga 2,080 hadi zaidi ya 2,800. Anwani ya dola 12 ilipanda kutoka karibu faranga 25,000 hadi karibu 34,000 bila muuzaji kubadilisha chochote. Mwandishi anayeshindwa kulipa kwa wakati hupoteza anwani, na anwani iliyopotea inaweza kununuliwa na mtu mwingine.

Njia ya kukwepa gharama hiyo ilikuwa anwani za bure, na historia yake ni onyo. Kampuni ya Freenom ilitoa bila malipo anwani chini ya vikoa vya mataifa kadhaa, vikiwemo .ml ya Mali, .ga ya Gabon na .cf ya Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwaka 2023 Gabon na Mali zilirejesha vikoa vyao, na mamilioni ya anwani za .ga yakafutwa. Nyingi zilikuwa za walaghai, na nchi hizo zilikuwa na haki ya kurudisha mali yao. Lakini mwandishi mwaminifu aliyejenga jina lake juu ya anwani ya bure aliondolewa pamoja na mlaghai.

Ugumu wa tatu ni ada za kisheria. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu kupata leseni. Ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, leseni ya kwanza shilingi 1,000,000 na ada ya mwaka shilingi 1,000,000 nyingine. Jumla ya shilingi milioni 2.1 ilizidi mara nyingi gharama ya tovuti yenyewe. Juni mwaka huo JamiiForums, jukwaa kubwa la mijadala kwa Kiswahili, lilifungwa kwa muda. Ada zilipunguzwa baadaye, lakini funzo linabaki: teknolojia ilipoondoa bei ya mlangoni, kanuni iliirudisha. Burundi, inayoangalia jirani zake inapotunga sheria, inahitaji kulizingatia hilo.

7. Nafasi ya Kiswahili

Mwandishi wa Kinanira anayeandika kwa Kirundi hufikia nchi moja. Kwa Kifaransa hufikia tabaka moja la nchi nyingi. Kwa Kiswahili angefikia Uvira, iliyo mwendo mfupi ng’ambo ya mpaka, Kigoma, Bukavu na kwingineko hadi pwani. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007, na Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Kiswahili kinafundishwa katika shule za Burundi. Wasomaji wapo, na waandishi wanaandaliwa.

Kinachokosekana ni ulezi. Kila wimbi la blogu tulilolitaja lilikuwa na mlezi: Macha kwa Michuzi, Redio ya Ufaransa kwa Mondoblog, RNW kwa Yaga. Lugha ya ulezi ndiyo iliyokuwa lugha ya blogu. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ndiyo taasisi iliyo karibu zaidi na jukumu hilo.

8. Hitimisho na mapendekezo

Historia hii inaonyesha kwamba kufungua blogu kulikwisha kuwa bure kufikia mwaka 2005, na kwamba programu za mafunzo zinazoishia kwenye kufungua hugharimia sehemu ambayo haina gharama. Tunapendekeza mambo manne kwa washauri wa sera.

Kwanza, anwani ya .bi kwa mtu binafsi iuzwe kwa faranga na ilipiwe kwa simu, kwa bei inayopimwa kwa pato la Mrundi na si kwa bei ya soko la dunia. Mwenye anwani awe na hakikisho la kisheria kwamba haitafutwa bila amri ya mahakama. Bila hakikisho hilo, waandishi wataendelea kukimbilia.org.

Pili, Kamisheni ya Kiswahili iendeshe seva ya pamoja kwa blogu za Kiswahili za nchi wanachama, yenye kurasa nyepesi zinazofunguka kwa data kidogo, pamoja na mafunzo kwa Kiswahili.

Tatu, maktaba za taifa na vyuo vikuu vya kanda viwe na utaratibu wa kuhifadhi nakala za blogu, kama vinavyohifadhi magazeti, ili mwandishi asiyeweza kulipia mwaka ujao asifutike na kazi yake.

Nne, ada za usajili wa mwanablogu binafsi zisizidi gharama ya anwani yake kwa mwaka, na makosa ya uandishi yashughulikiwe kwa masahihisho na fidia, si kwa kifungo.

Kwa anayeanza leo Kinanira, historia hiyo hiyo inatoa utaratibu: aanze kwenye jukwaa la bure, fedha ya kwanza aipatayo anunue anwani yake mwenyewe kabla ya pambo lolote, ailipie miaka kadhaa kwa mkupuo, ikibidi kwa kuchanga na wenzake, na kila mwezi apakue nakala ya maandishi yake na kuiweka mahali pawili. Hatua hizo hazimlindi dhidi ya kila hatari iliyotajwa humu. Zinahakikisha tu kwamba jukwaa likifungwa, faranga ikishuka au tovuti ikizuiwa, maandishi yenyewe bado yatakuwa mkononi mwa aliyeyaandika.